Pafu Hujitengeneza, Moshi Ukiliruhusu

Ziko imani mbili juu ya pafu la mtu mzima ambazo zimefanya maskani pamoja katika mji wetu wa Mwanza, ijapokuwa kila moja ni hasimu wa mwenziwe. Ya kwanza ni ya kukata tamaa: kwamba pafu likishaliwa na kifua kikuu, au na vumbi la mawe, au na moshi wa kuni, halina tena auni wala taraja, na mwenye pafu hilo huambiwa azoee kuhema. Ya pili ni ya tamaa iliyozidi kiasi: kwamba ipo sindano, au kidonge, kilichobeba kitu kiitwacho seli shina, ambacho kikiingia mwilini hulirudisha pafu kuukuu likawa jipya, na bei yake, kama ilivyo ada ya vitu vya namna hiyo, humtosha mtu kuuza ng'ombe. Nia yangu ni kuonyesha kwamba elimu ya miaka ya karibuni imezitengua imani zote mbili, na kwamba kilichosalia baada ya kutenguliwa kwake kinatudai kazi ambayo si ya maabara za mbali bali ni ya halmashauri zetu, ya zahanati zetu na ya mialo yetu.

Mapafu mawili ya mtu mzima yana vifuko vidogo vya hewa vipatavyo milioni 480, kwa kadiri ya hesabu iliyofanywa kwa hadubini na kutangazwa mwaka 2004, na kuta za vifuko hivyo, lau zingeweza kutandazwa, zingefunika eneo la takriban mita za mraba 70. Kuta hizo zimetandikwa karibu zote seli bapa, nyembamba mno, ambazo ndizo mlango wa oksijeni kuingia katika damu, nazo si hodari wa kuzaana zikiuawa. Lakini kandokando yake zimeketi seli nyingine, fupi na nene, zinazotoa utelezi wa kuzuia kifuko kisigandane kila tunaposhusha pumzi, na kwa muda mrefu watu walidhani kuwa hiyo ndiyo amali yake pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu waliowavutisha panya gesi kali ya dioksidi ya naitrojeni waliona seli bapa zikifa, na hizi nene zikigawanyika, zikijinyoosha na kushika nafasi za marehemu; na mwaka 2013 jopo la Brigid Hogan katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilizitia seli hizo alama isiyofutika katika panya wazima, likawafuata watoto na wajukuu wake, likapata ithibati kwamba hizo ndizo seli shina za vifuko vya hewa: hujizaa zenyewe, na huzaa pia seli bapa. Katika mirija mikubwa ya pumzi kazi kama hiyo hufanywa na seli za chini ya utando, ambazo huzaa seli zenye vijinywele vya kusukumia taka na seli za kutoa belghamu.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya panya, na panya si binadamu. Ni neno la haki. Basi na ajue kwamba mwaka 2012 waganga wa Marekani walitangaza habari za mwanamke aliyeondolewa pafu lake zima la kulia kwa sababu ya saratani alipokuwa na umri wa miaka 33, ambaye miaka 15 baadaye alionekana, kwa vipimo vya pumzi na vya picha, kuwa pafu lake lililobaki limeota vifuko vipya. Na mwaka 2020 watafiti wa Uingereza, katika Taasisi ya Wellcome Sanger na chuo cha University College London, walichunguza moja moja seli za mirija ya watu 16, miongoni mwao wavuta sigara, walioacha na wasiopata kuvuta, wakaona jambo ambalo wao wenyewe hawakulitazamia: katika walioacha, seli kufikia 40 katika kila 100 zilikuwa karibu safi, hazina zile alama za uharibifu ambazo sigara huziandika ndani ya urithi wa seli, ilhali katika waliokuwa bado wakivuta sehemu ya seli safi kama hizo ilikuwa robo tu ya hiyo. Yaani palikuwa na akiba ya seli shina zilizosalimika, zimejificha kwa namna ambayo haijafahamika barabara, na sigara ilipokoma zikatoka zikaijaza nchi iliyoachwa na zilizoharibika. Hakuna aliyewadunga watu hao sindano. Walichofanya ni kuacha.

Neno hilo la kuacha ndilo msingi wa hoja yangu, kwa maana tengenezo la pafu lina sharti, na sharti lenyewe ni kwamba jeraha likome. Jeraha lisipokoma seli shina haziketi bure, bali hufanya kazi kwa amri ya jeraha. Katika mirija inayopitiwa na moshi kila siku, zile seli za chini ya utando huacha kuzaa seli zenye vijinywele vya kusukuma taka, zikazaa kwa wingi seli za belghamu, na baadaye seli ngumu zinazofanana na za ngozi. Katika vifuko, seli nene huchoka kwa kugawanyika bila likizo, na jirani zake, ambao kazi yao ni kushona nyuzi za kushikilia kuta, hushona kupita kiasi hadi ukuta laini ukawa kovu. Ni kama mvuvi anayeshona wavu ungali ukiburutwa juu ya mawe: kwa kila jicho analolifunga mawili yanakatika, na mwisho anatia mafundo matupu ili usimpotee wote. Kovu si ugonjwa uliotoka nje. Ni tengenezo lililofanywa mahali pasipo na amani. Na kifuko kilichokwisha kubomoka kabisa, au kugeuka kovu nene, pafu la mtu mzima halikirudishi kwa kadiri ya maarifa tuliyo nayo leo. Kwa hiyo wakati ni mali, na ni mali ya walio maskini kuliko ilivyo ya matajiri.

Sasa na tushuke ziwani. Kabla ya sangara kutiwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na 1960, na kabla ya kuenea upande wetu wa kusini hata akawa bwana wa maji yote katika miaka ya 1980, furu na dagaa walikaushwa aghalabu kwa jua, juu ya mchanga na juu ya miamba ambayo Mungu ameujalia mji huu kwa wingi usio kifani. Sangara ni samaki mkubwa mwenye mafuta mengi, na jua peke yake halimkaushi kabla hajaoza. Sharti abanikwe juu ya moto. Hivyo utajiri uliokuja na samaki yule ulikuja na kuni, na kuni zikaja na moshi, na moshi ukapata wa kuuvuta. Viwanda vya minofu vilipojengwa katika miaka ya 1990 minofu ilipelekwa Ulaya, na mifupa yenye vichwa, tuliyoiita mapanki, ikabaki kwa kina mama walioikaanga na kuibanika ili iuzwe kwa wasioweza kununua mnofu. Ulimwengu uliyasikia mapanki kwa njia ya filamu ya mwaka 2004, ukabishana kwa kelele nyingi juu ya nani anamla nani. Juu ya mapafu ya mwanamke aliyeinamia karai, kwa kadiri ya kumbukumbu yangu, mabishano yale hayakukawia.

Nendeni mwalo wowote, kuanzia Kirumba hata visiwa vya Ukerewe na vijiji vya Sengerema, muangalie banda la kubanikia: kuta za bati au za matofali mabichi, chanja la vyuma au la miti, moto chini, mlango mmoja, na bomba la kutolea moshi hakuna. Mwenye banda huingia kugeuza samaki, hutoka kupangusa macho, huingia tena. Na mtoto wa mgongoni huingia naye, ilhali pafu la mtoto bado linajengwa na vifuko vyake havijatimia idadi. Jioni mwanamke huyo hurudi nyumbani akawasha mkaa. Chembe za moshi zilizo ndogo kuliko sehemu mbili na nusu za elfu za milimita hazizuiliwi na pua wala na vijinywele vya mirija, bali hushuka moja kwa moja hata vifukoni, zikafika pale pale penye zile seli nene tulizozitaja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 pekee. Na wanaokufa kwa namna hii hawafi kwa kishindo, ndiyo sababu magazeti, na hili tulisomalo likiwamo, huwapa nafasi ndogo kuliko ajali ya basi moja.

Juu ya vumbi nitasema machache, si kwa kuwa ni dogo bali kwa kuwa shauri lake ni wazi. Miamba yetu ni matale, na matale yamejaa silika. Mwanamke anayeponda kokoto kwa nyundo mlimani na kijana anayesaga mawe ya dhahabu upande wa Geita bila kumwagia maji wanavuta madini yasiyoyeyuka, na seli za ulinzi zinazoyameza hufa zikayatapika, zikaja nyingine zikayameza, zikafa nazo. Hapo jeraha halikomi hata mtu akiacha kazi, maana amekwisha kulibeba ndani yake. Kwa maradhi ya vumbi la silika hakuna kinga iliyo ya hakika kuliko maji, na maji, alhamdulillahi, tunayo ziwa zima.

Kifua kikuu kinataka maneno marefu zaidi, kwa kuwa katika jambo hili Afrika Mashariki ina fakhari ambayo wengi wetu hatuijui. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitumia dawa kwa miezi 18. Ni majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano wa mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, ambayo tangu taarifa yake ya kwanza mwaka 1972 yalionyesha kwamba miezi sita yaweza kutosha endapo dawa ya rifampisini imo. Tena mpango wa taifa wa Tanzania ulioanzishwa mwaka 1977 kwa maongozi ya Karel Styblo, wa kumfuata kila mgonjwa hata amalize dozi na kumwandika katika daftari amepona au hakupona, ndio uliochukuliwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 ukafanywa kigezo cha ulimwengu. Tuliufundisha ulimwengu kuhesabu waliopona.

Walakini daftari lile linauliza swali moja tu, nalo ni kama mdudu amekufa. Halikuuliza pafu limebaki katika hali gani. Katika vita vya mwili na kifua kikuu sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na askari wa mwili wenyewe, ambao humwaga vimeng'enya vya kuyeyusha nyama ya pafu ili kumwandama adui, na vita vikiisha huacha mapango, makovu na mirija iliyopanuka ambayo hukusanya belghamu. Mgonjwa amepona, makohozi yake ni safi, jina lake limeandikwa katika safu ya mafanikio. Na bado hawezi kuupanda mlima wa Mabatini hadi nyumbani kwake bila kuketi njiani mara kadhaa. Akikohoa tena, aghalabu hupewa dawa za kifua kikuu kwa mara ya pili ingawa mdudu hayumo, kwa kuwa hakuna aliyempima pumzi siku alipomaliza dozi ya kwanza. Naliona hili kuwa ni pungufu kubwa kuliko yote katika huduma tuliyo nayo, na ni pungufu jepesi kuliko yote kuondolewa: kipimo chenyewe ni mashine ndogo iitwayo spairometa, ambayo mtu huipulizia kwa nguvu, nayo ikasema pafu linabeba kiasi gani na linakitoa kwa kasi gani.

Je, sindano ya seli shina haiwezi kumsaidia mtu huyo? Hapa sharti niseme kwa hadhari, kwa sababu seli shina si ulaghai zenyewe. Katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, watoto wenye selimundu, ugonjwa unaowaandama sana watu wa Kanda ya Ziwa, wamepandikizwa uloto wa ndugu zao, na uloto hufanya kazi kwa sababu seli shina za damu zimo ndani yake. Hiyo ni tiba ya kweli, yenye miongo ya ushahidi. Ulaghai huanza pale sifa ya damu inapoazimwa na kuvikwa kiungo kingine. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa maradhi ya mapafu, na vidonge viuzwavyo mikononi kwa jina hilo havina seli iliyo hai ndani yake, kwani seli hai haikai ndani ya chupa juani.

Wala tusidhani kwamba udanganyifu wa namna hii huwapata wajinga na maskini peke yao. Mwezi Juni 2011, katika hospitali kuu ya Karolinska mjini Stockholm, mwanafunzi mmoja wa Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland, mwenye uvimbe katika mrija mkuu wa pumzi, alikatwa mrija huo na daktari mpasuaji Paolo Macchiarini, akawekewa mrija wa plastiki uliomwagiwa seli za uloto wake mwenyewe, kwa madai kwamba seli hizo zingeufanya mrija uishi. Kabla ya mwaka kwisha jarida la Lancet lilitangaza ushindi. Mrija haukuishi, mgonjwa yule alikufa Januari 2014, na wengine waliofanyiwa vivyo hivyo nao wakafa. Taasisi ya Karolinska ilimfukuza daktari huyo mwaka 2016, makala ile ya ushindi ikafutwa mwaka 2018, na mahakama ya rufani ya Sweden ikamhukumu mwaka 2023 kifungo cha miaka miwili na nusu. Mtu wa pwani yetu hii ya Afrika alilipa kwa nafsi yake gharama ya ndoto hiyo, katika nchi yenye maabara bora, mbele ya mabingwa, kwa sababu mabingwa walikuwa na hamu ya kuamini. Nasi tunaofikiwa na matangazo ya sindano kwa simu, bila bingwa yeyote kando yetu, tuna sababu zaidi ya kuogopa.

Na hata siku itakapopatikana sindano ya kweli, kwa kuwa watafiti wanajitahidi na sina shaka kwamba baadhi yao watafika, itaingia katika pafu gani? Seli ngeni zitakazotiwa katika pafu la mwanamke wa banda la kubanikia zitakuta amri ile ile ya moshi iliyozipotosha seli zake za kuzaliwa, na zitaitii vile vile. Mwenye kutaka kuwekeza katika seli shina za mapafu katika mkoa huu basi na aanze na bomba la moshi. Matanuri bora ya samaki hayahitaji kubuniwa upya: Ghana walibuni tanuri la Chorkor tangu miaka ya mwisho ya 1960, na Senegal, kule Thiaroye, wakabuni jingine kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lenye kupunguza moshi na kula kuni kidogo. Serikali yetu imezindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na nausifu. Lakini mkakati unaohesabu mitungi ya gesi jikoni tu, ukasahau chanja la mwaloni ambako moto huwaka tangu alfajiri hata magharibi, utakuwa umeponya nusu ya siku.

Najua jibu la mwenye banda, maana ni la haki: tanuri jipya ni ghali, mkopo una riba, na mnunuzi wa Kongo anataka samaki mwenye rangi ile aliyoizoea. Ndiyo maana sisemi aachiwe peke yake. Halmashauri hutoza ushuru katika mialo. Haitakuwa ajabu sehemu ya ushuru huo ikirudi kwa sura ya matanuri ya umma yenye mabomba marefu, ambayo wabanikaji watayatumia kwa zamu kama wanavyotumia gati.

Kwa wale ambao pafu lao lilikwisha kuumia, mfano uko ng'ambo ya ziwa hili hili. Watafiti wa Makerere, Kampala, waliwakusanya watu waliopona kifua kikuu na kubaki wakihema, wakawapa mazoezi ya viungo na mafunzo ya kupumua mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki sita; matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa walitembea mbali zaidi na maumivu ya kifua yakapungua. Mazoezi hayaoteshi vifuko, nami sitaki kumdanganya mtu; yanaimarisha misuli na kulifanya pafu lililobaki litumike lote. Bugando, iliyosimama kilimani tangu 1971 kwa ajili ya Kanda ya Ziwa nzima, ina chuo kikuu cha tiba ubavuni mwake na taasisi ya taifa ya utafiti ikiwa jirani. Wana wajuzi wa kutosha kuliendesha jambo hili, na chumba chenye viti na ngazi mbili tatu kinatosha kulianzia.

Kwa hiyo wewe msomaji uliyemaliza dozi yako ya kifua kikuu, ukaambiwa umepona, na bado mlima wa kwenda kwako unakushinda, usiuze ng'ombe kwa ajili ya sindano, wala usikae kimya kwa kudhani kuwa ndivyo ilivyoandikwa: rudi katika kliniki iliyokutibu, uombe upimwe pumzi kwa spairometa, na kama hawana, waulize itafika lini.